Umaskini Usimnyang'anye Mzazi Mtoto Wake



Leo tunatafakari hukumu zinazomwondolea mzazi haki zote juu ya mtoto wake. Hukumu hizi zazidi kifungo. Mfungwa humaliza muda wake akarudi nyumbani. Bali mzazi huyu, mbele ya sheria, huwa mgeni kwa mtoto aliyemzaa, na kwa kawaida hana siku ya kurudi.

Tukumbuke mashauri mawili yaliyoamuliwa na Mahakama ya Juu ya Marekani. La kwanza, Santosky dhidi ya Kramer, lilitoka jimbo la New York. Sheria ya huko iliridhika ushahidi dhidi ya mzazi ukizidi ule wa kumtetea, hata kwa kiasi kidogo. Mwaka 1982 Mahakama ilikataa: ni lazima ushahidi uwe wazi na wa kusadikisha.

La pili, M.L.B. dhidi ya S.L.J., lilitoka Mississippi. Mwaka 1994 mama wa watoto wawili aliondolewa haki zake, ili mke mpya wa aliyekuwa mumewe awaasili watoto hao. Jaji alitamka kwamba ushahidi ulikuwa wazi, lakini hakueleza ni ushahidi gani. Mama alipotaka kukata rufani, alidaiwa dola 2,352 na senti 36 za kutayarisha kumbukumbu za shauri. Hakuwa nazo, na ombi lake la kusamehewa malipo likakataliwa. Desemba 1996 Mahakama ya Juu, majaji sita dhidi ya watatu, iliamua kwamba jimbo lisimfungie mzazi mlango wa rufani kwa sababu ya ufukara wake.

Tuangalie vema. Mahakama haikutamka kwamba mama yule alikuwa mzazi mwema, iliamuru asikilizwe. Wako wazazi wanaowatesa watoto wao, na kumwacha mtoto mikononi mwao ni dhambi. Lakini ukatili ni jambo moja, na umaskini ni jingine.

Hapa kwetu Tanzania, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yatutaka tutangulize manufaa ya mtoto. Basi sisi viongozi wa jumuiya, tukiulizwa habari za mzazi fulani, tuseme tuliyoyaona, wala si tuliyoyasikia kisimani. Nyumba ya nyasi si ushahidi wa ukatili. Asiyejua kusoma tumsomee hati ya kuitwa mahakamani, tufuatane naye siku ya shauri, na tumsaidie kujua mapema mwisho wa muda wa rufani.

Mfalme Sulemani alipoletewa wanawake wawili waliogombea mtoto mmoja, hakuuliza ni yupi mwenye mali. Alitafuta ushahidi wa upendo. Nasi tuutafute huo.

Amani ya Bwana iwe nanyi.