Je, ni Haki Adhabu Isiyo na Mwisho?

Baba na mama mlioko vijijini, nanyi wakatekumeni mnaojitayarisha kwa ubatizo, leo twaingia katika somo ambalo wengi hulikwepa. Katekista akilifundisha, watu huinamisha vichwa. Akiisha kuondoka, huulizana kando ya moto: Mungu aliye Baba awezaje kumwacha mwanawe katika mateso ya milele kwa dhambi ya siku moja? Swali hili si kufuru. Anayeuliza hivyo ameanza kulichukua neno "Baba" kwa uzito wake, naye astahili jibu.

Kwanza tuondoe jambo moja lililowaumiza wazee wetu. Mapadri Weupe walifungua misioni ya Nyangezi mwaka 1906. Je, mababu waliokufa kabla ya hapo, wasilisikie jina la Kristu hata mara moja, wametupwa motoni? Sivyo. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulifundisha wazi, tarehe 21 Novemba 1964, kwamba asiyeijua Injili pasipo kosa lake mwenyewe, naye akamtafuta Mungu kwa moyo mnyofu na kuifuata dhamiri yake kwa msaada wa neema, aweza kuupata wokovu. Basi mwenye kumlilia bibi yake asiyebatizwa amwombee kwa matumaini. Barazani kwa mwami, mtu hahukumiwi kwa amri isiyomfikia. Mungu hawezi kuwa na haki iliyo ndogo kuliko ya baraza.

Sasa tuje kwenye swali lenyewe. Watu husema: dhambi ina mwisho, adhabu haina; mizani haikai sawa. Jibu la kale, alilolieleza Mtakatifu Tomaso wa Akwino, ni kwamba uzito wa kosa haupimwi kwa muda wake. Hili twalijua sisi wenyewe. Mwizi humtoa ng'ombe zizini kwa nafasi fupi kuliko ya kuchemsha maji, lakini hakuna amwambiaye mwenye ng'ombe kwamba hasara yake ni ya dakika chache. Tena, amtukanaye mwenzake na amtukanaye mzazi wake hawalipi sawa. Na dhambi humkosea Mungu, ambaye ukuu wake hauna mpaka. Jibu hili ni la kweli, ila sioni kama latosha kumtuliza mama ambaye mtoto wake amepotea. Hata faini iliyo nzito kupita zote huisha kulipwa.

Lakini Tomaso huyo huyo ana neno jingine, nalo lafika mbali zaidi: adhabu haina mwisho kwa sababu ukaidi wenyewe haukuisha. Kifo hufunga wakati wa kugeuka, na moyo hubaki pale ulipojisimamisha. Fungueni Injili ya Luka, sura ya 15. Twapenda kumsimulia yule mdogo aliyerudi kwa baba yake. Leo tumtazame mkubwa. Nyama imeiva, ngoma inasikika hadi shambani, baba ametoka yeye mwenyewe kumsihi, naye amesimama nje kwa hasira kwa kuwa hataki kuketi pamoja na ndugu yake. Nani amemnyima chakula? Jehanamu ni kusimama pale nje daima, karibu kabisa na karamu, na kuichukia. Mashetani na ndimi za moto tulizoonyeshwa katika picha za katekisimu zilitusaidia kuogopa. Kuelewa, hazikutusaidia sana.

"Basi," atasema mwingine, "mwishowe wote wataingia tu." Origeni wa Aleksandria, mwalimu mkuu wa Afrika katika karne ya tatu, alifikiri karibu hivyo, na fundisho hilo lilikataliwa Konstantinopoli mwaka 543. Mwaliko usioweza kukataliwa si mwaliko tena, ni kukamatwa. Hata hivyo angalieni: Eklezya imetangaza watakatifu wengi sana, wala haijamtaja mtu hata mmoja kwamba yumo motoni.

Huku Kivu wako wanaouliza kinyume. Tarehe 24 Agosti 1998, huko Kasika katika eneo la Mwenga, watu waliuawa kwa mamia. Padri, watawa, mwami na raia waliangamia siku ileile. Aliyefiwa kule halalamiki kwamba jehanamu ni kali mno. Yeye auliza: "Wauaji wakisamehewa, je, damu ya watu wangu ilikuwa maji?" Asiyelisikia swali hili asije kutuhubiria huruma. Katika Matayo 25, Yesu asema kwamba tunavyowatenda wenye njaa, wageni na wafungwa, ndivyo tunavyomtenda yeye. Hukumu yapasa iwepo, ili aliyezikwa pasipo jina asiwe amesahauliwa.

Na msamaha je? Tumtazame Mwenyeheri Anuarite, mtawa wa shirika la Jamaa Takatifu la Bafwabaka. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Desemba 1964, siku kumi tu baada ya fundisho lile la Mtaguso, Kanali Olombe wa waasi wa Simba alimwua huko Isiro kwa kuwa alikataa kuwa wake. Kabla ya kufa alimwambia kwamba amemsamehe. Tarehe 15 Agosti 1985, Papa Yohane Paulo wa Pili alipomtangaza kuwa mwenyeheri mjini Kinshasa, alimsamehe mwuaji huyo kwa jina la Eklezya nzima. Hakuna kati yao aliyesema kwamba kosa lilikuwa dogo. Kosa dogo lahitaji msamaha gani?

Lakini msamaha ule ulikuwa wa Anuarite kuutoa. Mjane wa Kasika asisukumwe na jirani kuutoa wake upesi ili kijiji kipate usingizi. Naye mkosaji asidhani kitubio ni mahali pa kujificha. Padri humwondolea dhambi kwa jina la Mungu, lakini hamwondolei deni la kusema kweli, kurudisha alichonyang'anya na kusimama mbele ya hakimu akiitwa. Akikataa hayo, ameukataa mkono ulionyoshwa kumwinua, na hapo ndipo ile hasira ya mwana mkubwa huanza kuota mizizi.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutasema juu ya toharani. Kabla ya siku hiyo, katekista wa kila kituo asome pamoja na watu sura nzima ya 15 ya Luka. Yesu hakutuambia kama yule mkubwa aliingia nyumbani. Waulizeni wazee wanavyodhani, na vijana pia.