Karatasi Ife Kwanza: Mhadhara kuhusu Kugeuza Stakabadhi za Ghala



Katika semina moja nilimsikia mwanasheria akiwatoa watu hofu: kuingiza stakabadhi kwenye kompyuta ni kuipiga picha tu, na kuirudisha kwenye karatasi ni kubonyeza printa. Nimekuja kuyapinga maneno hayo.

Sheria ya Stakabadhi za Ghala ya Tanzania, Na. 10 ya 2005, mnaijua, siirudii. Stakabadhi si taarifa tu kuhusu kahawa iliyowekwa ghalani. Anayeishika kihalali anaweza kuiuza kahawa bila gunia kusogea, na benki humkopesha kwa dhamana yake. Picha ya ng'ombe haitoi maziwa. Picha ya stakabadhi hutoa, karani akiiamini, na hatari iko hapo.

Nyumbani Nyamiaga, Ngara, marehemu baba alitunza karatasi zake kwenye sanduku la bati, chini ya vitenge vya mama. Msimu mmoja alipeleka ghalani magunia saba ya kahawa ya maganda, stakabadhi ikapotea, akaandikiwa nyingine. Aliyeiokota ile ya kwanza akawahi, akalipwa. Baba alipofika, karani alimfungulia daftari: mzigo umekwisha kuchukuliwa. Karatasi zote mbili zilikuwa na muhuri uleule wa bluu.

Ndiyo maana naipenda sheria ya Uingereza ya mwaka 2023 kuhusu nyaraka za biashara za kielektroniki. Kifungu cha 4 kinaruhusu kugeuza kwenda na kurudi, mradi waraka mpya utamke kwamba umegeuzwa na masharti mengine ya ugeuzaji yatimizwe. Hapo ule wa zamani hukoma, na haki na wajibu wote huhamia kwenye mpya. Ni maneno machache, na kila moja lina kazi. Hata hivyo tamko linadaiwa kwenye waraka mpya tu. Wa zamani unakufa kisheria huku ukibaki mzima sandukuni. Sheria ya mfano ya 2017 ya UNCITRAL, tume ya Umoja wa Mataifa ya sheria ya biashara ya kimataifa, ibara ya 17, inasogea mbele zaidi: karatasi yenyewe ifanywe isitumike tena. Ibara ya 18 inafanya vivyo hivyo kwa safari ya kurudi.

Nakubali kwamba rejista moja ya kielektroniki ingembana yule mwokotaji kuliko daftari. Wanaotaka karatasi ifutwe kabisa wana hoja. Lakini mkulima ambaye simu yake haina chaji, naye anataka kumwonyesha mkewe mali yao, ana haki ya kuomba karatasi. Apewe, baada ya rekodi yake kwenye mfumo kufungwa, si kabla. Na anayerudisha karatasi, itobolewe mbele ya macho yake, katikati ya muhuri.

Stakabadhi ya baba ninayo. Muhuri umefifia kidogo, namba inasomeka, na hakuna alama yoyote inayomwambia mgeni kwamba magunia yale saba hayapo.