Msongo wa Januari na Dawa Inayosahaulika Kabatini



Kwa mkulima anayetegemea msimu mmoja wa mvua, Januari ni mwezi wa mizigo mingi. Ghala limepungua, mavuno yangali mbali, palizi inadai nguvu na shule zimefunguliwa. Ada katika shule za umma, kuanzia msingi hadi kidato cha nne, iliondolewa Januari 2016. Sare, viatu na madaftari bado ni juu ya mzazi. Mtu anapobanwa hivyo, mwili wake hujiandaa kama anayekabiliwa na hatari: mapigo ya moyo huongezeka, shinikizo la damu hupanda, sukari huongezeka katika damu. Hatari ya ghafla ikipita, mwili hutulia. Deni halipiti upesi namna hiyo.

Mazungumzo haya hayana dawa ya deni. Yanahusu yale ambayo mtu huyaacha kwanza anapoelemewa, ilhali ndiyo yanayomsimamisha.

Linaloachwa mapema, tena kimyakimya, ni dawa. Mwenye shinikizo la juu la damu anaweza kukaa miaka bila kuhisi maumivu yoyote. Fedha zinapopungua, hesabu yake huonekana ya busara: kichwa hakiumi, vidonge vingoje, mtoto apate viatu kwanza. Ni hesabu ya mzazi mwenye upendo, lakini haikujumlisha kiharusi, ambacho kwa baadhi ya watu ndicho dalili ya kwanza. Isitoshe, zipo dawa za shinikizo ambazo zikikatwa ghafla, shinikizo hupanda kwa kasi.

Mwenye kisukari yumo katika mtego wa pande mbili. Akiacha dawa, sukari hupanda. Akiendelea kuchoma insulini, au kumeza baadhi ya vidonge, huku akijinyima chakula ili watoto washibe, sukari inaweza kushuka hadi akapoteza fahamu. Mtu wa namna hiyo hapaswi kuwa wa mwisho kupakuliwa, hata kama mila ya nyumba inamtaka awe hivyo.

Asiyemudu dawa za mwezi mzima aende zahanati kabla hazijakwisha, aseme wazi kwamba fedha hazitoshi. Mhudumu anaweza kuangalia kama ipo dawa ya bei nafuu inayomfaa. Kujipangia nusu dozi, au kuazima vidonge vya jirani kwa sababu rangi zinafanana, ni kubahatisha.

Usingizi nao huibwa. Mtu mzima anahitaji angalau saa 7 kwa usiku, lakini mwenye madeni hulala na simu kifuani, akisubiri ujumbe wa kumkumbusha mkopo. Ujumbe huo hausomeki vizuri zaidi usiku wa manane. Yafaa hesabu za nyumba ziandikwe kwenye daftari jua likiwa bado juu, mume na mke wakiwa pamoja, kisha daftari lifungwe. Chai kali na kahawa zikomee mchana, kwa kuwa takriban saa tano baada ya kunywa, karibu nusu ya kafeini bado imo mwilini. Pombe huleta usingizi upesi, kisha huukatakata kabla ya alfajiri. Nayo hula fedha zilezile zilizoleta mawazo.

Kuhusu mazoezi, mwenye jembe mkononi tangu asubuhi hahitaji kuhubiriwa. Anayeshinda dukani au kwenye kiti cha ofisi ndiye atembee kwa haraka walau nusu saa, siku tano kwa wiki. Chumvi mezani ipungue kwa wote.

Lipo jambo ambalo wanaume wengi hulikwepa, nalo ni kusema. Anayemweleza ndugu au rafiki anayeaminika hafutiwi deni, lakini haachwi peke yake nalo. Iwapo huzuni, kukosa usingizi au kutotamani chochote kumeendelea kwa wiki mbili, aende kituo cha afya kama ambavyo angekwenda kwa homa. Akianza kusema kwamba afadhali asingekuwapo, waliomsikia wasimwache peke yake, wala wasisubiri kupambazuke. Wampeleke kituoni usiku huohuo.

Shinikizo la damu hupimwa zahanati. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii anaweza kumwelekeza mkazi, na afisa ustawi wa jamii husikiliza pia migogoro ya kifamilia inayotokana na madeni. Anayekwenda kliniki achukue kadi yake pamoja na vidonge vilivyobaki, hata kama ni viwili.