Damu Kwenye Mkia

 

Umeamka, ukamkuta mtamba ana matone ya damu mkiani. Unampigia mhimilishaji aje mbio. Ndugu yangu, umechelewa. Damu hiyo hutoka siku moja hadi tatu baada ya joto la kutaka dume, na yai limekwisha kutoka. Ng'ombe wetu wa asili joto lao ni fupi, na mara nyingi huja usiku, tumelala. Lakini tarehe hiyo iandike, hata kwa mkaa ukutani: joto lijalo litakuja baada ya siku kama 19.

Kwa nini akae siku zote hizo bila joto? Pale yai lilipotoka kwenye ovari huota kinundu cha manjano. Ni kidogo, lakini kinapitiwa na damu nyingi ajabu, na kinatengeneza homoni ya projesteroni. Hiyo ikiwa juu, joto halitokei.

Siku ya 16 au 17 hivi, mji wa mimba usipopata ishara ya mimba, hutoa homoni nyingine, prostaglandini. Hapa ndipo ninapoustaajabia mwili wa ng'ombe. Mshipa unaopeleka damu kwenye ovari umejiviringisha juu ya mshipa unaotoa damu kwenye mji wa mimba. Homoni inapenya kutoka huu kwenda ule, kama majirani wanaopitishiana chumvi juu ya ua. Ingezunguka mwilini kwanza, sehemu kubwa ingeharibiwa kwenye mapafu. Ikifika, damu ya kinundu hupungua, projesteroni inashuka, yai jipya linakomaa, na estrojeni inamfanya ng'ombe asimame apandwe.

Sasa, ile sindano ya kuleta joto ni prostaglandini hiyo hiyo. Ukimchoma ndani ya siku tano tangu joto, kinundu bado kichanga, hakisikii. Pesa yako imekwenda. Ukimchoma mwenye mimba, anaweza kuitupa. Kwa hiyo mtaalamu akija na sindano, mwambie ampime mimba kwanza, umwonyeshe na ile tarehe ya ukutani.

Na mama mjamzito, au mwenye pumu, asiishike kabisa chupa ya dawa hiyo; inapenya hata kwenye ngozi.