Mkono Unaomlipa Mtangazaji

Mhadhara wa umma uliotolewa Makambako, Mkoa wa Njombe



Nimeombwa nizungumze juu ya uhuru wa vyombo vya habari na fedha za kuviendesha. Naomba nianze na gunia la viazi. Mkulima anayeshusha viazi kutoka Matamba au vijiji vinavyopakana na hifadhi ya Kitulo analijua vizuri gunia la lumbesa. Hujazwa mpaka mdomoni, kisha huongezewa kilemba cha viazi juu yake, kilemba kikashonwa kwa kamba na wavu mpaka gunia linakuwa refu kama mtu mzima aliyechuchumaa. Kilo 100 ndizo zinazotambuliwa kisheria. Zinazopanda lori ni zaidi, na mkulima analipwa gunia moja. Viongozi wamelipiga marufuku mara nyingi, na bado linapakiwa mchana kweupe.

Hiyo ni habari. Ina anayeumia, ina anayenufaika, na ina ofisi yenye wajibu. Lakini tukifungua redio zetu tunaisikia kama tamko la kiongozi aliyefika sokoni na kuonya. Hatuisikii kama uchunguzi: nani anashona kile kilemba, nani anakata ushuru kwenye kizuizi gunia linapopita, na kwa nini mizani haitumiki shambani.

Sababu si uvivu wa vijana wetu watangazaji. Redio ya mji mdogo inaishi kwa matangazo na salamu. Mteja wake mkubwa ni halmashauri, inayokusanya ushuru wa mazao. Anayefuata ni mfanyabiashara mwenye malori, anayepakia mazao hayo. Mwandishi mwenyewe mara nyingi hana mkataba. Nauli yake ya kwenda kwenye tukio hutolewa na mwenye tukio, na kila mwanahabari hapa anajua bahasha hukabidhiwa saa ngapi. Ukimwambia kijana wa namna hiyo awe huru, unamwambia alale njaa. Kwa hiyo swali langu la leo ni moja: nani amlipe mtangazaji ili aweze kuuliza habari za lile gunia?

Nchi yetu imelijibu swali hili kwa njia mbalimbali. Utangazaji ulianza mwaka 1951 kwa Sauti ya Dar es Salaam. Mwaka 1956 likaundwa shirika la utangazaji la Tanganyika kwa kufuata mfano wa BBC, na enzi hizo mwenye redio nyumbani alilipia leseni. Julai 1965 shirika hilo likavunjwa, Redio Tanzania Dar es Salaam ikawa idara chini ya wizara.

Sitaidharau Redio Tanzania. Mwaka 1973 iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya, na watu wapatao milioni 2 wakakaa katika vikundi vijijini, wakasikiliza, wakajadili, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka madimbwi ya mbu. Sijui redio gani ya biashara ingeweza kufanya hivyo, kwa sababu choo cha kijijini hakina mfadhili wa matangazo. Lakini muda mfupi baadaye, Operesheni Vijiji ilipohamisha watu, wengine kwa nguvu, redio ile ile haikuwa na nafasi ya kumuuliza mkuu wa mkoa kwa nini nyumba zimebomolewa kabla mahindi hayajavunwa. Ilikuwa sauti ya mhamishaji. Aliyelipia somo la choo ndiye aliyelipia ukimya huo.

Sheria ya mwaka 1993 ilifungua mlango kwa vituo binafsi, na mwaka 1994 televisheni ya ITV ikaanza kuonekana. Televisheni ya Taifa ilifuata miaka michache baadaye, na mwaka 2007 tukapata Shirika la Utangazaji Tanzania, TBC tuliyo nayo. Linaitwa shirika la umma. Fedha yake hutoka katika bajeti ya wizara na katika matangazo ya biashara. Mwenyekiti wa bodi yake na mkurugenzi mkuu huteuliwa na Rais.

Matokeo ya mpangilio huo tumeyaona. Mwaka 2010, chini ya mkurugenzi mkuu Tido Mhando, aliyetokea Idhaa ya Kiswahili ya BBC, TBC iliupa uchaguzi nafasi pana, ikawafuata wagombea majimboni na kuwapambanisha mbele ya wananchi. Desemba ya mwaka huo mkataba wake ulikwisha, nao haukuongezwa. Sihitaji kudai lolote juu ya nia ya mtu. Inatosha kuona kwamba mhariri mkuu wa taifa alikuwa akisubiri barua kutoka kwa serikali ambayo mwenendo wake ndio aliotakiwa kuufuatilia.

Tarehe 27 Januari 2016 mambo yalikuwa wazi zaidi. Waziri wa Habari, Nape Nnauye, alisimama bungeni Dodoma akatangaza kwamba TBC haitarusha tena mijadala ya Bunge moja kwa moja. Sababu iliyotolewa ni gharama: shilingi bilioni 4.2 kwa mwaka. Wabunge wa upinzani walipopinga, polisi waliingia ukumbini wakawatoa. Wananchi wakabakiziwa kipindi cha usiku chenye sehemu zilizochaguliwa.

Tukae kidogo na hizo bilioni 4.2, maana watu wengi waliogopeshwa na tarakimu. Sensa ya mwaka 2022 ilitukuta watu 61,741,120, katika kaya zipatazo milioni 14. Gawanya. Ni kama shilingi 300 kwa kaya kwa mwaka mzima. Kijana wa Makambako anayeingia kibanda umiza kutazama mechi moja ya Simba na Yanga hulipa zaidi ya hapo, na hakuna anayemwambia nchi haiwezi kumudu. Fedha ilikuwepo. Kilichokosekana ni mwananchi kuwa na kauli juu ya fedha yake.

Hapo ndipo watu huleta hoja ya ada ya televisheni kama ya Uingereza: kila mwenye televisheni alipie leseni, fedha iende moja kwa moja kwa mtangazaji wa umma, serikali ikae pembeni. Hoja ni nzuri, lakini ina matobo. Hata huko Uingereza kiwango cha ada hupangwa na serikali. Januari 2022 waziri alitangaza kwamba ingebaki pauni 159 kwa miaka miwili, bei za vitu zikiwa zinapanda, na BBC ikalazimika kubana matumizi. Jirani zetu Waganda waliweka ada ya televisheni kwa sheria ya mwaka 2005 iliyounda shirika lao la utangazaji, UBC. Haikudumu, Rais Museveni akaiondoa. Ada inayoweza kufutwa kwa neno la kiongozi mmoja haimlindi mtangazaji dhidi ya kiongozi huyo.

Mfano unaonivutia ni wa Ujerumani. Tangu mwaka 2013 kila kaya huko hulipa, iwe na televisheni au isiwe nayo. Kiwango hupendekezwa na tume ya wataalamu, kisha mabunge ya majimbo yote 16 huridhia. Mwishoni mwa 2020 jimbo la Sachsen-Anhalt lilikwamisha nyongeza ya senti 86 kwa mwezi. Vituo vya utangazaji vilikwenda Mahakama ya Katiba, na Agosti 2021 mahakama ikatangaza uamuzi kwamba jimbo moja haliwezi kuzuia fedha hiyo namna hiyo, kwa kuwa uhuru wa utangazaji unadai fedha ya kutosha. Nyongeza ikaanza kulipwa. Senti 86 zilitetewa na katiba! Huo ndio uzio ninaoutamani.

Ili tuone kwa nini ada ya televisheni haitatufaa sisi, sasa tupande Kitulo, kwenye mita 2,600 na zaidi juu ya usawa wa bahari. Wageni huja kuanzia Desemba kutazama maua ya Bustani ya Mungu, hifadhi ya taifa tangu 2005. Wenyeji wana mambo mengine. Mawimbi ya FM husafiri kwa kunyooka, na milima ya Kipengere na Livingstone huyakata. Zamani masafa mafupi yaliruka juu ya milima yakadondoka wilayani Makete yakiwa na mikwaruzo, lakini yalifika. Leo bonde lisilo na mtambo wake wa kurushia matangazo halipati kitu, na hakuna kampuni itakayopandisha mnara mlimani kwa ajili ya wasikilizaji wachache wasionunua bidhaa za matangazo. Huko juu, ada inayotozwa kwa televisheni haina maana: zipo chache, na redio ni ya betri au iko kwenye simu.

Na huko ndiko mtangazaji wa umma anakohitajika zaidi. Watu huchimba viazi vya okidi vinavyoliwa Zambia kwa jina la chikanda, hifadhi inawakamata, wao wanasema hawana kipato kingine. Nani amewasikiliza wote wawili katika kipindi kimoja? Na mwanzoni mwa 2019, watoto wetu walipokuwa wakiuawa hapa Njombe, wazazi waliwasindikiza wanao shuleni huku simu zikisambaza uvumi juu ya fulani na fulani. Mji ulihitaji mwandishi anayeishi hapa, anayelipwa mshahara, anayerudi polisi kila asubuhi na kueleza saa moja jioni kilichothibitishwa na kisichothibitishwa. Waandishi wetu walijitahidi kwa nauli zao.

Napendekeza, basi, tozo ndogo ya kaya. Njia ya kuikusanya ipo: tangu Agosti 2021 kodi ya majengo hukatwa kwenye malipo ya umeme ya LUKU. Tuseme nusu tu ya kaya zilipe shilingi 500 kwa mwezi, maskini na wasio na umeme wasamehewe. Ni bilioni 42 kwa mwaka, mara kumi ya ile gharama iliyozima Bunge. Sehemu iende TBC, ikiwamo ya kusimika mnara Makete, na sehemu iende kwenye mishahara ya waandishi wa wilayani, hata walio katika redio binafsi na za jamii, kwa ajili ya habari za uchunguzi tu. Ruzuku ya wizara ipungue kwa kiasi hicho hicho, maana TBC tayari tunailipia kwa kodi. Fedha ni ile ile yetu, ila isipitie mezani kwa waziri.

Najua mtaniuliza juu ya tozo za miamala ya simu za mwaka 2021. Mna haki. Ziliumiza watu, zikapunguzwa baada ya kelele kubwa, na kilio hicho kilikuwa cha halali kwa sababu mlipaji hakuonyeshwa mahali pa kuwauliza waliozipanga. Lakini tunao pia Mfuko wa Barabara, ambao hupokea tozo ya mafuta chini ya bodi yake. Tunaweza kuitengea kazi moja fedha yake kwa sheria.

Kwa wabunge wa mkoa huu, ombi langu ni la utaratibu. Ipelekwe kwanza sheria inayosema bodi ya TBC itakuwa na wakulima na wanahabari ndani yake, na itapatikana kwa usaili wa wazi mbele ya kamati ya Bunge. Mkurugenzi mkuu aajiriwe na bodi hiyo. Kiwango cha tozo kifungwe kwa miaka mitano na kisiguswe katika mwaka wa uchaguzi. Na hesabu zisomwe hewani, mkoa kwa mkoa, pamoja na gharama ya mnara wa Makete. Sheria hiyo ikishatiwa saini ndipo makato yaanze. Yakitangulia makato, hata ya shilingi 100, mimi nitakuwa wa kwanza kuja hapa Makambako kuwaomba myakatae.