Tumkinge Anayepiga Dawa Kihambani



Wapendwa wanakamati na wafadhili wetu, sisi wa Uru twaijua chulebuni: huozesha kahawa ikiwa bado mtini. Lakini anayebeba bomba mgongoni ni kijana wa kibarua, mara nyingi peku, bila glavu. Sumu hupenya ngozini.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 yamtaka mwajiri atoe vifaa vya kinga. Nasi wenye vihamba ni waajiri. Tumpe buti, glavu, kifunika pua, maji na sabuni. Bomba lisioshwe mferejini. Jirani wa chini anachota hapo.

Tena tupande miche ya TaCRI Lyamungo inayostahimili chulebuni, ili dawa ya ukungu ipungue. Fedha ya mradi ianzie hapo.