Duara Pekee Halitoshi: Kutafuta Kreta za Vimondo Katika Uwanda wa Kati



Kuna kauli ninayoisikia kila penye kongamano, na wanaoitoa ni watu ninaowaheshimu. Wanasema kazi ya kutafuta kreta za vimondo imekwisha kuhamia kwenye kompyuta. Picha za setilaiti hazina malipo, dunia nzima imepigwa picha, na kama uwanda huu kuanzia Dodoma hadi Tabora ungekuwa na kreta, mtu aliyeketi Vienna au Tokyo angekwisha kuiona. Kwa kuwa Tanzania haina hata moja iliyothibitishwa, basi hakuna cha kutafuta. Naikataa kauli hii yote, mwanzo wake na hitimisho lake.

Setilaiti za Landsat zimekuwa zikipiga picha za dunia tangu 1972. Ninachosema ni kwamba picha huonyesha umbo, na uwanda wetu umejaa maduara. Basotu, karibu na Mlima Hanang, kuna mashimo ya mviringo yaliyochimbwa na milipuko ya volkano. Vilima vya Igwisi, mkoani Tabora, vina vinywa vya volkano ambavyo mgeni angeviita kreta za vimondo bila kusita. Mwadui, alipogundua almasi John Williamson mwaka 1940, ni bomba la kimberlaiti lenye ukubwa wa hekta 146 usoni mwa ardhi, na nguvu iliyolifungua ilitoka chini. Ongeza mbuga zinazotuamisha maji, vilima vya graniti vilivyozungukwa na nyufa, na mahame ya maboma ya mifugo.

Mwanafunzi wangu mmoja aliniletea picha ya duara kusini mwa Manyoni, ukingo wake mweupe pande zote. Tulikwenda. Mzee mmoja mfugaji alitukaribisha kivulini, akasikiliza maelezo yetu yote kwa subira, kisha akasema: “Wanangu, hapo ndipo tunaponyweshea ng'ombe mvua zikikatika. Huo weupe ni kazi ya kwato.” Tulimwomba atutembeze, na jioni hiyo daftari letu lilikuwa na visima, mawe na mabonde ambayo picha yetu haikuyaonyesha.

Anayedhani bingwa hawezi kupotoshwa na umbo aikumbuke Arizona. Mwaka 1891 Grove Karl Gilbert, mmoja wa wanajiolojia wakubwa wa Marekani wa zama zake, alilichunguza shimo lenye upana wa kilomita 1.2, lililozungukwa na vipande vya chuma cha kimondo. Alipima, akapiga hesabu, akahitimisha kwamba ni mlipuko wa mvuke. Mwaka 1960 Edward Chao, Eugene Shoemaker na mwenzao walitangaza kupata humo koesaiti, aina ya silika inayohitaji mgandamizo mkubwa mno ili iumbike. Umbo lilikuwa lilelile alilolitazama Gilbert. Kilichomaliza ubishi ni mwamba.

Nitajibiwa kwa mfano wa Kamil, na ni jibu zito. Mwaka 2008 Mwitaliano Vincenzo de Michele aliona kwenye Google Earth shimo lenye upana wa mita 45 katika jangwa la kusini mwa Misri. Msafara wa mwaka 2010 ulikuta limezungukwa na maelfu ya vipande vya chuma cha kimondo. Nakiri kwamba bila picha shimo lile lisingejulikana. Lakini pale hakuna jembe, mchwa wala vichaka, na hata hivyo dai lilithibitika baada ya watu kufika.

Mfano unaotufaa sisi uko kwa jirani zetu wa Katanga, na niruhusuni nikae hapo kidogo. Kreta ya Luizi iko kwenye uwanda wa Kundelungu, kusini-mashariki mwa Kongo. Tangu mwaka 1919 ripoti ya kijiolojia ilikuwa imelitaja bonde lile la mviringo. Baadaye picha za kutoka angani zikazusha wazo la kimondo, likabaki wazo kwa miaka mingi. Ndipo Ludovic Ferrière, pamoja na Lubala na Kaseti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na Osinski wa Kanada, wakachapisha ushahidi mwaka 2011. Kreta ina upana wa kilomita 17, na ndani yake kuna pete ya miinuko yenye upana wa kilomita tano hivi. Walikuta miamba yenye michirizi inayotawanyika kutoka ncha moja kama mkia wa farasi. Chini ya hadubini, chembe za kwatzi zilikuwa na mistari myembamba sambamba ambayo huhitaji mgandamizo wa takribani mara laki moja ya ule wa hewa tunayovuta. Volkano haina nguvu hiyo. Kila ninaporudia makala ile nasimama pale pale: umbo lilijulikana zaidi ya miaka 90 kabla ya ushahidi.

Sasa hitimisho la wapinzani wangu, kwamba hatuna kitu. Kimondo cha Mbozi, chuma cha tani zipatazo 16, hakina kreta, kwa hiyo hakitusaidii. Lakini moyo wa uwanda huu ni mwamba wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Finland, nchi ndogo kuliko yetu, pia imekaa juu ya mwamba mkongwe, na imethibitisha kreta zaidi ya 10. Ni kweli barafu ilikwangua miamba yao ikaiacha wazi, na yetu imefunikwa na udongo mzito. Hoja hiyo inaeleza kwa nini kreta zetu hazionekani. Haisemi kwamba hazipo. Mimi naamini zipo.

Tuna ramani za robo digrii za Taasisi ya Jiolojia, hapa hapa Dodoma. Kazi ninayoipendekeza ni kuziweka juu ya data za miinuko zilizopimwa kutoka angani Februari 2000, kuondoa kila duara lenye maelezo ya volkano, graniti au mbuga, kisha kuyaendea yanayobaki, kuvunja mwamba na kuukata uonekane chini ya hadubini. Ningeanzia vichaka vya Itigi. Vimesongamana kiasi kwamba setilaiti huona majani tu, na atakayeingia humo lazima aingie kwa miguu, akiwa na nyundo na mwenyeji anayezijua njia.